Mbaazi Zilizochemshwa, Maharagwe Makavu

Kendi,

Mama yako amekwisha kukwambia yote ya neti ya mbu, ya maji ya kunywa na ya kutovuka mto mkavu mvua ikiwa imenyesha milimani. Sitayarudia. Mimi nimebakiwa na jambo moja, ambalo yeye hawezi kukueleza kwa niaba yangu ingawa amelijua muda wote. Ameniambia hivyo leo mchana tukifunga kamba kwenye godoro lako. "Hilo ni lako," amesema. "Fungua mdomo ama uandike, lakini mtoto asiende Kiritiri bila kulijua."

Nimechagua kuandika. Ndiyo kazi ninayoijua, na tena ni rahisi kuliko kukutazama usoni. Hiyo uihesabu kuwa aibu ya kwanza katika barua hii. Nyingine zinakuja.

Utakumbuka likizo ile ya mwaka wako wa pili chuoni. Mwalimu wenu alikuwa amewatuma mtafute makala ya gazeti kuhusu chakula, muisome kwa jicho la wataalamu. Ukafurahi kwamba baba yako ni mwandishi, huhitaji kwenda mbali. Ukachagua makala yangu ya mbaazi. Ukaisoma hapa sebuleni, kalamu mdomoni, halafu ukanyamaza kwa namna ambayo mimi huijua kwa wahariri.

"Baba," ukasema, "hapa umelinganisha mbaazi zilizochemshwa na maharagwe makavu."

Nami nikajibu bila hata kuinua macho, "Mhariri alikata. Nafasi ilikuwa ndogo."

Ukaamini. Ukaandika kurasa kadhaa kuhusu jinsi wahariri wanavyokata maelezo muhimu na kuupotosha umma, ukapata alama nzuri. Ulizipata kwa uongo wangu. Mhariri hakukata hata neno moja. Mama yako alikuwa ameketi pale pale akikoroga chai. Alinitazama, akaendelea kukoroga hata baada ya sukari kuyeyuka.

Shuleni hapa Kaaga walikufundisha kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mbaazi za Kiritiri sijawahi kuzisikia zikisingizia chochote, na jua la kule unalijua. Aliyesingizia ni mimi.

Sasa nikueleze jinsi ninavyowataka vijana ofisini waeleze: nani, nini, wapi, kwa nini.

Ulikuwa darasa la sita. Cucu wako Ciarunji, mama wa mama yako, na akina mama wenzake wa Kiritiri walikuwa wameunda kikundi. Mbaazi walizokuwa wakipanda katikati ya mtama zilikuwa zimewazidi, na madalali walizichukua kwa bei ya kutupa. Wakati huo shule za msingi za eneo hilo zilikuwa zikiwapikia watoto githeri ya mahindi na maharagwe, na maharagwe yalitoka huku kwetu juu, kwa lori. Akina mama wakapeleka ombi kwa kamati ya shule: tuwape mbaazi badala ya maharagwe, tena tutazileta zikiwa zimeiva, kwa sababu mbaazi kavu hukaa sana motoni na shule hazina kuni. Wakachanga wakanunua masufuria makubwa, yale ya kupikia watu wa harusi nzima. Wakajenga banda la mabati. Kamati ikasema itatoa jibu.

Mjomba wako Njeru ndiye aliyenipigia simu, akijivunia mama yake. Nikaona ni habari nzuri. Ilikuwa nzuri kweli.

Kosa la kwanza lilitokea hapo, kabla sijagusa hesabu yoyote. Unajua jinsi mambo yalivyo kati yangu na cucu wako. Mkwe wa kiume haingii jikoni kwa mama mkwe. Hamkazii macho, hamhoji, hajibizani naye. Nikifika nasalimu kwa mbali, naketi kwa Njeru, chakula naletewa huko huko. Katika miaka yote ya ndoa yangu, maneno tuliyobadilishana na mama yule ni "Mmefika salama?" na "Tumefika, mama." Huku Meru tuna heshima ya namna hiyo hiyo, kwa hiyo sikuiona ngeni. Lakini niambie, mwandishi gani anajituma kuandika habari za mtu ambaye desturi inamkataza kumuuliza swali? Ofisini kwetu palikuwa na msichana kutoka Embu aliyeifaa kazi ile. Angeketi jikoni, angechambua mbaazi pamoja nao, angekula. Sikumpa. Niliitaka mwenyewe.

Nikaenda. Nikaketi nje ya nyumba ya Njeru, na jikoni kwa cucu palikuwa karibu kiasi cha kusikia mwiko ukigonga sufuria. Kila swali nililokuwa nalo nilimpa Njeru, naye akalijibu mwenyewe bila hata kugeuza kichwa.

"Hizi mbaazi zina nguvu kushinda maharagwe?" nikamuuliza.

"Nguvu gani? Ya kulima ama ya kuoa?"

"Nguvu ya mwili, Njeru. Muulize mama."

"Ati nimuulize mama yangu mbaazi ina protini ngapi? Unataka anicharaze na mwiko?" Akacheka, halafu akanitania kama kawaida yake. "Nyinyi watu wa Meru mko na shida. Mnatafuna miraa usiku kucha, asubuhi mnakuja kutuuliza chakula iko na nini."

Nikacheka pia. Halafu nikaletewa wali na kuku, kama kila mara. Mlango wa pili tu akina mama walikuwa wakila mbaazi ambazo ndizo habari niliyoifuata. Mimi nikala paja la kuku, nikanawa mikono, nikarudi Meru. Sikuwa nimeonja mbaazi hata moja. Kusema kweli, mpaka leo sijawahi kuonja mbaazi za cucu wako nyumbani kwake.

Ofisini nikatafuta jedwali la virutubishi. Wewe unayafahamu majedwali hayo kuliko mimi, lakini nikuonyeshe mguu wangu ulipoteleza, maana mtu hatelezi mahali pasipo na utelezi. Nilijiona makini. Nilijiambia: akina mama watapeleka mbaazi zilizoiva, kwa hiyo nitazame mbaazi zilizochemshwa. Nikashuka na kidole mpaka kwenye mstari huo, nikanakili protini yake. Kisha nikaenda kwenye maharagwe, nikachukua mstari wa kwanza nilioukuta. Ulikuwa wa maharagwe makavu. Pembeni paliandikwa hivyo, kwa herufi zinazosomeka. Nikaweka namba mbili kando kwa kando. Mbaazi zikatoka na kama theluthi ya protini ya maharagwe. Madini ya chuma vivyo hivyo.

Mtu yeyote aliyewahi kusimama kando ya jiko angecheka. Kitu kikavu kikichemshwa hunywa maji, huvimba, na kipimo kile kile cha uzito sasa kimejaa maji. Nilipima nguo iliyolowa na nguo kavu, nikatangaza kwamba pamba ya moja ni hafifu. Kavu kwa kavu, wewe mwenyewe ulinionyesha siku ile, mbaazi na maharagwe yanakaribiana kwa protini kama watoto wa mama mmoja. Maharagwe yanaweza kutangulia kidogo kwa chuma. Mbaazi nazo zinabaki zimesimama shambani mvua ikikatika, wakati maharagwe yamekwisha kuwa majani makavu ya kulisha mbuzi. Hilo jedwali halisemi, na mimi sikusema.

Makala ikatoka. Kichwa chake nilikitunga mwenyewe: mbaazi hazifikii maharagwe hata nusu.

Kamati ya shule ilikutana wiki hiyo hiyo. Njeru alikuwapo. Mwenyekiti alisimama na gazeti mkononi, akasoma mpaka mwisho, kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Mama mmoja wa kikundi akasema kwamba gazeti halijui mbaazi, gazeti linajua siasa. Watu wakacheka. Mwenyekiti akangoja kicheko kiishe.

"Aliyeandika hapa mnamjua," akasema. "Ni mkwe wa Ciarunji. Mkwe wa kiume. Sasa nyinyi niambieni, mkwe anaweza kutoa kasoro kwa sufuria ya mama mkwe kama si kweli? Hata kama ni kweli angenyamaza. Huyu ameshindwa kunyamaza. Basi hiyo mbaazi ni mbaya zaidi ya vile ameandika."

Ombi likakataliwa, Kendi. Ile heshima niliyoitumia kama kisingizio cha kutouliza swali ndiyo iliyolipa neno langu uzito kuliko lingekuwa la mwandishi mwingine yeyote nchini. Kama ungeandikwa upuuzi ule na mtu wa Nairobi, wangeutupa. Ulikuwa wangu, wakauamini.

Shule zikaendelea na maharagwe ya lori. Mbaazi za kikundi zikaingiliwa na wadudu ghalani. Kuna muhula bei ya maharagwe ilipanda, wakawa wanawapikia watoto mahindi matupu, na umbali wa kutembea tu kutoka hapo mbaazi zilikuwa zikisagwa kuwa vumbi ndani ya magunia. Wewe unajua mahindi matupu yanakosa nini na mbaazi zingeongeza nini. Mimi sikujua wakati huo, lakini haikuwa lazima nijue. Ilitosha kusoma pembeni mwa mstari.

Nilipata kujua kosa langu ndani ya siku chache. Mama yako aliisoma makala akiwa amesimama dirishani.

"Ulimuuliza mama?" akasema.

"Ningemuulizaje? Ni mama mkwe."

"Basi ungemwachia mtu mwingine."

Jumamosi iliyofuata akachukua kikombe kimoja, akapima mbaazi, akaziloweka. Akakiosha, akapima maharagwe, akayaloweka kando. Akazipika kila moja na sufuria yake. Wakati wa chakula akaniwekea mabakuli mawili mezani, yamejaa sawasawa, zaidi ya vikombe viwili kila moja. Wewe ulikuwa umekwenda kucheza kwa kina Makena, hukuona.

"Kikombe kwa kikombe," akasema. "Sasa wewe mwandishi, nionyeshe hiyo theluthi imeenda wapi."

Niliangalia bakuli hili, nikaangalia lile. Nilielewa kabla hajamaliza sentensi. Nikatoka nikaenda nikalitazama jedwali tena, nikaona lile neno: makavu.

"Andika tena," akasema niliporudi.

"Nitaandika."

Sikuandika. Nataka ujue kwa nini, na nataka ujue bila mapambo. Sikuogopa kufutwa kazi. Hakuna anayefutwa kazi kwa ajili ya mbaazi. Ni kwamba nilikuwa na sifa moja niliyoipenda kupita kiasi. Katika kazi yangu yote, gazeti halijawahi kuchapisha sahihisho la habari iliyoandikwa na mimi. Nimeandika kesi za ardhi, chaguzi, maporomoko, watu wakuu wametishia kunishtaki, na hakuna aliyepata hata jina lililokosewa herufi. Vijana niliwaambia hivyo siku yao ya kwanza. Nilikuwa nikiwaambia hivyo hata baada ya makala ya mbaazi. Hakuna aliyelalamika ofisini, na kwa kuwa hakuna aliyelalamika, nikajiruhusu kuona kwamba hakuna kilichotokea. Ningechapisha sahihisho, ningelazimika pia kwenda Kiritiri na mbuzi na mzee wa kunisemea, niombe radhi kwa mama mkwe mbele ya watu. Nikapima aibu ya kusema na raha ya kunyamaza, na nadhani unajua nilivyo hodari wa kupima.

Desemba ile tulikwenda kama kawaida. Njiani kote nilikuwa nikijiandaa kupokelewa kwa ubaridi. Ubaridi huo ungekuwa msaada kwangu. Lakini cucu wako alitoka mlangoni pa jiko, leso kichwani, akasema kutoka pale pale, "Mmefika salama?"

"Tumefika, mama."

Halafu nikaletewa kuku. Mzima, na wali mweupe, na chapati juu yake. Heshima yake haikupungua hata kijiko. Njeru ndiye aliyeleta sinia, akalitua mbele yangu, hakuketi.

"Kula, mwandishi," akasema. "Kuku haina mambo ya kupima. Ama nikuletee mizani?"

Jikoni walikuwa wakizungumza, wakanyamaza. Walisikia. Cucu wako naye alisikia. Nilingoja aseme kitu, hata kukohoa. Nikasikia mwiko ukigonga sufuria, na maongezi yakaendelea. Nikala. Niliimaliza ile nyama, Kendi, kwa sababu mkwe akirudisha chakula ni matusi, na matusi nilikuwa nimekwisha kuyatoa ya kutosha.

Baada ya hapo nimekula kuku wa mama yule kila Desemba. Hajawahi kukosa. Wewe ukiwa mdogo ulikuwa unakuja kutoka jikoni midomo imepakaa mchuzi wa mbaazi, unaniomba paja, nami ninakupa. Nadhani ulifikiri ni ukarimu wa baba.

Yale masufuria hayakurudishwa dukani. Yanakodishwa matangani. Utayaona, yana doa la rangi ya samawati ukingoni ili yasipotee. Tulipomzika shemeji yake Njeru wa upande wa mkewe nilipewa chai iliyochotwa kutoka kwenye mojawapo. Wazee niliokuwa nimeketi nao walikuwa wakisifu ukubwa wake. "Hii ilinunuliwa ya kazi gani?" mmoja akauliza, mgeni wa kutoka Siakago. Wengine wakanitazama, wakatazama chini, mmoja akasema kwa upole, "Ilikuwa ya mambo ya shule." Walinifichia aibu yangu mwenyewe nikiwa nimeketi hapo, nikiinywa.

Kuna kosa jingine, nalo nilikukosea wewe. Ulipokosa alama za udaktari na kuchagua lishe, wageni wakiuliza unasoma nini nilikuwa nasema, "Anasomea mambo ya chakula," kwa sauti ya mtu anayefunga mazungumzo. Mara moja nilisema mambo ya jikoni. Ulikuwa koridoni, nilikiona kivuli chako kikisimama kisha kikiondoka. Hatukuzungumza juu yake. Nilijiambia ni utani. Ukweli ni kwamba kila ulipofungua kitabu cha somo lile mbele yangu, nilikuwa naona mwenyekiti amesimama na gazeti. Kati ya taaluma zote ulikuwa umechagua ile moja ambayo ingeweza kunikamata. Na ulinikamata, sebuleni, kwa sentensi moja, nikakuponyoka kwa jina la mhariri ambaye hakuwapo kujitetea.

Kesho unakwenda kuwa afisa wa lishe pale pale. Utawapima watoto ambao mama zao walikuwa wakila ile githeri shuleni. Siku ya kwanza watakuuliza wewe ni wa nani. Utasema ni mjukuu wa Ciarunji, na watafurahi. Kisha mmoja atauliza baba ni nani, na hapo utaona uso ukibadilika kidogo, halafu watakuletea chai kwa adabu. Ukiwaambia wachanganye mbaazi na mahindi, kuna atakayekumbuka kwamba baba yako aliandika kinyume. Sikutaka uipokee hiyo hali bila kujua imetoka wapi. Na sikutaka umtetee baba yako mbele yao kwa hadithi ya mhariri. Ungeisema kwa moyo safi. Hapo uongo ungekuwa umefika Kiritiri kwa mdomo wako, na wao wangejua ni uongo, kwa sababu gazeti lile lilikuwa na kona nzima tupu chini ya makala yangu; nafasi haikukosekana. Njeru aliniambia. Mwenyekiti alifungia humo ugoro.

Leo alasiri nilimpigia mhariri. Si yule wa zamani. Yule amestaafu, naye nimempigia baadaye. Huyu ni kijana niliyemfundisha. Nikamsomea sahihisho langu, mistari michache: nilichoandika, kilichokuwa kweli, na kwamba kosa lilikuwa la mwandishi.

"Mzee," akasema, "hiyo habari si ilishazikwa? Nani anakumbuka?"

"Wanaokumbuka hawasomi gazeti letu tena."

"Na wewe ndiye ulikuwa unatuambia hujawahi kusahihishwa."

"Ndiyo. Hiyo pia isahihishe."

Akasema ataliweka ukurasa wa ndani. Nimekubali. Yule wa zamani nilimwambia jinsi nilivyotumia jina lake nyumbani kwangu. Alicheka sana, na kicheko chake kilinichoma kuliko kama angenitukana. "Basi binti yako alipata alama kwa kunichinja mimi," akasema. "Mwambie ninamdai samahani, na soda juu yake."

Nilipoanza barua hii nilikuwa na ombi. Nilikuwa nimepanga kukuomba umfikishie cucu maneno yangu, polepole, siku ya utulivu, mkiwa jikoni. Wewe unaingia jikoni, mimi siingii. Wewe unaongea Kimbeere chake vizuri, mimi najikwaa. Niliiandika aya nzima ya ombi hilo na ilikuwa nzuri. Kisha nikaisoma, nikamwona Njeru amekaa nje ya nyumba yake akijibu maswali kwa niaba ya mtu mwingine. Nimeichana.

Kwa hiyo kesho sikuachi steji ya basi kama tulivyopanga. Ninakuja nawe. Nimezungumza na Njeru. Mbuzi atamtafuta yeye huko huko, na mzee wa kunisemea amepatikana, lakini nimemwambia Njeru kwamba mzee ataketi nami tu. Maneno nitayasema mwenyewe. "Mbele ya mama?" akauliza. Nikasema nitasimama nje ya jiko. Ukuta wake ni wa mbao na mbao zina nafasi; miaka yote hii nimesikia kila kitu kikitoka humo, basi na sauti yangu inaweza kuingia. Sitamkazia macho, kwa hivyo desturi haitavunjika. Akasema, "Haya, mtu wa Meru. Lakini usilete majedwali."

Wewe utakuwa ndani pamoja naye. Huko ndiko kwenu. Nikianza kusema, usitoke. Usinitafsirie. Nikikosea neno, liache lilivyo. Atanielewa, au atauliza, na akiuliza litakuwa swali la kwanza aliloniuliza maishani tofauti na kama tumefika salama. Akikaa kimya, nao ni haki yake, usiujaze kwa ajili yangu.

Jambo moja tu nakuomba umwambie ukifika, kabla mtu hajakimbilia banda la kuku. Mwambie mkwe wake anakuja na njaa, na ameomba bakuli la mbaazi.

Baba yako